Mama mdogo ana saratani na rufaa ya Ocean Road, ukoo unataka kuuza shamba la zabibu

SWALI

Shikamoo Shangazi, mbukwa! Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, kwetu ni Hombolo. Mama yangu mdogo ana miaka 47 na watoto wanne, wa mwisho ni msichana wa miaka 11. Mwaka jana alianza kutokwa na damu bila mpangilio, akasema ni umri. Baadaye ikawa inatoka kila baada ya kukutana na mumewe, na kiuno kinauma. Alinyamaza kwa aibu mpaka mama alipomburuza kwenda kituo cha afya. Wakampima mlango wa kizazi kwa siki, wakaona hapajakaa vizuri, wakamwandikia hospitali ya mkoa, General, huko akachukuliwa kinyama cha kupimwa. Majibu yakasema saratani ya mlango wa kizazi, hatua ya 2B. Amepewa rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, akapigwe mionzi. Leo ni wiki ya tano, rufaa bado iko kwenye mkoba wa mama.

Tulifungua kundi la WhatsApp la ukoo. Ahadi zimefika shilingi 4,600,000, zilizoingia ni 870,000, ziko kwenye simu ya mjomba. Mjomba anasema tuuze shamba, ekari moja ya zabibu ya mama mdogo, mnunuzi yupo na ana pesa mkononi. Baba mdogo amejitenga, siku hizi hata chakula anakula kwa kaka yake. Binamu yangu amemweka mama mdogo kwenye Facebook, picha amelala kitandani, na jina la ugonjwa limeandikwa. Alipoonyeshwa alilia, na tangu siku hiyo hatoki nje. Tena kuna wanaoshauri nimtibishe kwa kadi ya bima ya mama yangu, niliyemwandikisha mimi, kwa kuwa wanafanana sana. Ndugu yetu wa Dar anaishi Chanika, amesema atampokea. Naomba unielekeze, Shangazi. Tuchangishe kiasi gani, tumwombe nani, na shamba tuliuze?

Mwalimu, Hombolo

JIBU

Marahaba mwanangu. Nitaanza na jambo ambalo hukuliuliza: hiyo rufaa itoke kwenye mkoba wiki hii. Msisubiri ahadi zitimie. Hiyo 870,000 mliyo nayo inamfikisha mama mdogo Dar es Salaam pamoja na msindikizaji, inamfungulia faili, na inawalisha kwa muda huku ninyi mnaendelea kuchangisha. Kabla sijastaafu nilikuwa afisa ustawi wa jamii hospitalini, na waliofika mezani kwangu wakiwa wamechelewa karibu wote walikuwa na maelezo yaleyale, kwamba walikuwa bado wanakusanya. Ugonjwa hausubiri kikao.

Mimi si daktari, lakini 2B nimeelezwa na madaktari mara nyingi. Maana yake ugonjwa umetoka kwenye mlango wa kizazi na kugusa nyama za pembeni, ila haujafika kwenye ukuta wa nyonga. Hatua hiyo madaktari wanaitibu kwa nia ya kuponya. Naomba uwasomee hilo kwenye kundi la ukoo kwa sauti, kwa sababu ninavyoona wapo ambao wameshaanza kumlilia mtu aliye hai, na mtu akishalia moyoni mkono wake nao unakuwa mzito kutoa. Mama mdogo hachangiwi sanda. Anachangiwa tiba.

Sasa uone matibabu yenyewe yalivyo, maana ndipo hesabu inapotoka. Kwa kawaida mionzi ya nje inapigwa Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki kama tano. Katikati yake, mara moja kwa wiki, mgonjwa anatundikiwa dripu ya dawa ya saratani kama figo zake zinaruhusu. Baadaye inafuata mionzi ya ndani. Madaktari wanataka yote hayo yaishe ndani ya wiki nane, kwa sababu mgonjwa akikatisha akarudi nyumbani kisha akarejea, mionzi inapoteza nguvu yake. Na kulala kwenye mashine ni dakika chache tu. Mgonjwa akishuka anavaa khanga yake, anatoka, anarudi alikofikia, kesho asubuhi anakuja tena. Wengi hawalazwi wodini kabisa.

Umeona pesa inakokwenda? Mnadhani mnachangia mionzi, kumbe sehemu kubwa ya mzigo wenu ni kumweka mtu mzima mgonjwa Dar es Salaam kwa miezi miwili, ale, alale, apande gari kila siku, na mwenzake wa kumshika mkono naye ale na apande gari. Wanaokatisha tiba niliokutana nao wengi waliishiwa pesa ya pango na ya ugali. Mashine ilikuwa inawasubiri.

Kwa hiyo usiombe mamilioni kwa mkupuo. Hiyo namba kubwa inamfanya aliyejaliwa elfu kumi aone haya kuitoa, na aliyeahidi laki tano kwenye kundi ajifiche. Omba kwa wiki. Kaa na mama, piga hesabu ya wiki moja ya watu wawili Dar: chumba, chakula, nauli ya kwenda na kurudi hospitali kwa siku tano, maji, sabuni, pedi, vocha. Ile namba utakayoipata ndiyo unayoipeleka kwa ukoo, na kila nyumba ichukue wiki yake. Nyumba isiyoweza wiki nzima iungane na nyingine. Mtu akijua kwamba wiki ya tatu ni ya kwake, na kwamba asipotuma pesa mama mdogo atalala njaa Jumatano, anatuma.

Ujumbe uandikwe hivi, uubadilishe unavyoona:

"Ndugu zetu, mama mdogo anaanza matibabu Dar es Salaam na daktari ametupa matumaini. Itachukua kama miezi miwili. Gharama za hospitali tunazishughulikia na ustawi wa jamii. Tunachoomba kwenu ni pango, chakula na nauli zake na za msindikizaji, ambazo kwa wiki moja ni shilingi kadhaa. Tunaomba kila nyumba itaje wiki itakayoibeba. Kila Jumapili jioni tutaweka hapa picha ya ukurasa wa daftari."

Hilo daftari ni la kweli. Nunua kaunta buku, chora mistari ya tarehe, jina, alichotoa, kilichotumika, baki. Risiti zibandikwe humohumo kwa gundi, hata ya daladala kama ipo, na pasipo risiti andika kwa mkono. Nimeona ukoo wa watu wapole ukifika kupigana kwa sababu ya shilingi elfu arobaini ambayo kumbe ilinunua dawa ya kuharisha usiku. Mjomba simtilii shaka, ila pesa ya watu ishirini kukaa kwenye simu ya mtu mmoja ni kumtafutia mjomba lawama. Fungueni M-Koba, ile akiba ya kikundi ya kwenye simu, ambako pesa haitoki mpaka wanakikundi wengine waidhinishe, au akaunti ya benki yenye watia saini wawili, mmoja wao awe mama yako.

Kuhusu gharama za hospitali zenyewe. Ocean Road ni taasisi ya serikali, na kama ilivyo hospitali yoyote ya serikali ina maafisa ustawi wa jamii. Kazi yao ni kumsikiliza asiyejiweza, kumpima hali yake na kumwombea msamaha wa gharama, wote au sehemu. Lakini msamaha hautolewi kwa machozi, unatolewa kwa karatasi. Kabla hamjaondoka Hombolo nendeni kwa mtendaji wa mtaa, mpate barua yenye muhuri inayosema huyu ni mkazi, anaishi kwa kilimo, ana wategemezi hawa, hana uwezo wa kumudu matibabu haya. Mwenyekiti naye asaini. Bandikeni picha ndogo ya mgonjwa na muhuri upite juu ya picha. Pitieni na ustawi wa jamii pale General waandike ya kwao, mwenzao wa Dar akiipokea anakuwa na pa kuanzia.

Karatasi zote ziwe kwenye faili moja la plastiki lenye kifungo: rufaa, majibu ya kinyama yale yenyewe (na nakala), vipimo vya damu, ultrasaundi kama ilipigwa, barua za serikali ya mtaa, kitambulisho cha NIDA au cha mpiga kura. Msindikizaji alale nalo kichwani. Majibu ya kinyama yakipotea, mgonjwa anaweza kuanza upya foleni ambayo tayari alishaipanga.

Kadi ya bima. Mwanangu, hapo usiguse. Kadi ya mama yako ni ya mama yako. Kumtibisha mtu kwa jina la mwingine ni kosa la jinai, na wewe ni mtumishi wa umma, utapoteza kazi ambayo ndiyo inawalisha. Ila kuna hatari kubwa kuliko hiyo. Mama mdogo akitibiwa kwa jina la dada yake, majibu ya saratani, kundi la damu, kipimo cha figo na kiasi cha mionzi alichopigwa vyote vitaandikwa kwenye faili la mama yako. Siku mama yako akiugua, daktari atasoma mwili wa mtu mwingine. Kanuni za NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, zinakuruhusu kuandikisha mwenza, watoto na wazazi. Mama mdogo hayumo, hata kama alikulea. Na kama ana CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii iliyokuwa ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, hiyo ilitengenezwa kuishia ngazi ya mkoa. Nenda mwenyewe ofisi za NHIF mjini, makao makuu yako hapohapo Dodoma, uulize tangu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ni kifurushi gani kaya ya mama mdogo inaweza kujiunga nacho sasa, kinaanza kulipa lini, na kinafika Ocean Road au hakifiki. Uliza hayo matatu, upate jibu la maandishi. Hata kisipomfaa mgonjwa leo, kuna watoto wanne nyuma yake.

Shamba sasa. Kwanza, ni la nani? Umeandika "zabibu ya mama mdogo". Basi kikao cha kuliuza hakiwezi kufanyika yeye akiwa amelala chumba cha pili. Aulizwe, na mumewe aulizwe, na serikali ya mtaa ijue. Pili, wewe ni mtoto wa Hombolo, unajua kuliko mimi: mzabibu ulioshakomaa unazaa kwa miaka mingi, na Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka. Mama mdogo akirudi amepona, hawezi jembe zito kwa muda, na hiyo ekari ndiyo itakayomlisha na kumsomesha huyo wa miaka 11. Mnunuzi mwenye pesa mkononi anayezunguka nyumba yenye mgonjwa hajaja kutoa bei ya haki. Mwambieni akodishe msimu mmoja, au auziwe mavuno yaliyopo shambani kwa maandishi mbele ya mwenyekiti. Kama kuna mbuzi au ng'ombe wa ukoo, hao ndio watangulie mnadani. Ardhi iwe ya mwisho kabisa, tena baada ya kupata makadirio ya daktari na jibu la ustawi wa jamii. Mpaka sasa mnataka kuuza ekari kulipia gharama ambayo hakuna hata mmoja wenu anayeijua.

Chanika ndugu ana moyo mzuri, Mungu ambariki, lakini Chanika ni mbali. Ocean Road iko pwani kabisa ya mji, karibu na Kivukoni. Mtu aliyepigwa mionzi ya nyonga anaharisha, anachoka, mkojo unamchoma, na unamtaka akae kwenye foleni ya magari asubuhi na jioni siku tano za wiki? Afikie Chanika siku za mwanzo za vipimo. Zikishapangwa tarehe za mionzi, tafuteni chumba mahali ambapo gari moja tu linamfikisha mjini, kwenye njia ya mwendokasi inayoishia Kivukoni kwa mfano, au ng'ambo Kigamboni ambako kivuko kinashusha Magogoni na nauli ya mtu ni shilingi 200. Na mkifika ustawi wa jamii ulizeni kama kuna mahali wanapohifadhi wagonjwa wa mikoani. Waulizeni pia madaktari kama kati ya vipimo na siku ya kuanza mionzi anaweza kurudi nyumbani, maana mionzi haianzi kesho yake ukifika, na hapo mnaweza kuokoa pango la wiki nzima au zaidi.

Kusafiri, mpandisheni treni ya SGR. Nauli ya SGR ya kawaida, si ile ya haraka, Dodoma hadi Dar ilipangwa shilingi 31,000 ilipoanza mwaka 2024, kwa hiyo kwa watu wawili kwenda na kurudi wekeni 124,000 kisha mthibitishe bei ya sasa. Basi linaweza kuwa nafuu kidogo, lakini basi linamshusha stendi ya Mbezi, nje ya mji, na treni inamshusha katikati ya mji, karibu na anakokwenda. Kwa mtu anayetokwa na damu, kiti kilichotulia na choo ndani ya behewa si anasa.

Nakuja kwenye damu, maana hilo hakuna aliyeliweka kwenye kundi lenu. Mwanamke aliyetokwa na damu mwaka mzima mara nyingi anafika akiwa hana damu ya kutosha, na mionzi haifanyi kazi vizuri kwa mtu mwenye upungufu wa damu. Ataongezewa, na hospitali itawaomba ndugu wachangie. Hapa ndipo wale vijana wa ukoo wasio na hata elfu tano wanapoingia. Mtu mwenye miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50 na afya njema anaweza kutoa. Mwanamume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne. Tengeneza orodha ya wenye damu kama ulivyotengeneza ya wenye pesa, kwanza walioko Dar. Tena kijana aliyetoa damu aandikwe kwenye lile daftari, kwenye mstari wake, kama aliyetoa pesa.

Picha ishushwe leo. Binamu yako simlaumu, alitaka watu waguswe. Lakini habari za ugonjwa wa mtu ni zake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inasema hivyo, na hata isingesema, mama mdogo ameshasema kwa kujifungia ndani. Mwende wewe na mama yako, mumwombe radhi kwa niaba ya ukoo, mmuulize yeye anataka nini kijulikane. Pengine atakubali iandikwe "anaumwa, anatibiwa Dar" na basi. Inatosha. Anayekutaka umpe jina la kiungo kinachoumwa ndipo atoe elfu mbili, acha abaki na elfu mbili yake.

Aibu hiyo naijua inatoka wapi. Wanawake wananong'ona kisimani kwamba ugonjwa huu ni wa malaya. Saratani ya mlango wa kizazi karibu yote inasababishwa na kirusi kinachoitwa HPV, na kirusi hicho ni cha kawaida kiasi kwamba wengi wetu tuliowahi kuolewa au kuoa tumewahi kukipata, mwili ukakiondoa kimyakimya. Kwa wachache hakiondoki, kinakaa miaka kumi na zaidi kikila taratibu. Hata mama wa mume mmoja maisha yake yote anaweza kukipata. Baba mdogo aelezwe hivyo, na aelezwe na mwanamume, mtu mzima anayemheshimu, si wewe uliye mtoto wake. Nimewaona wanaume wanaokimbilia kula kwa kaka zao. Wengi wanaogopa. Wanadhani wataambukizwa saratani, au wanadhani wao ndio waliomuua mke, na hakuna aliyewapa kiti wakauliza. Saratani haiambukizi. Mpeni kazi: yeye ndiye asindikize wiki ya kwanza, asikie daktari kwa masikio yake, asaini fomu. Baada ya wiki moja ya kumbebea mkewe faili kwenye lile benchi la kungojea huenda mkapata mtu mwingine. Zamu zinazofuata gaweni kati ya mama yako na mabinti wakubwa, ila anayeondoka akae siku moja na anayeingia, amwonyeshe dirisha, nesi, na dawa ipi ni ya saa ngapi.

Hukunitajia dawa za kienyeji lakini miezi yote hiyo ya kunyamaza lazima kuna chupa mahali. Mwaka 2011 nilikuwa kazini watu walipokuwa wanakodi magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha Babu, na wapo walioweka dawa zao za hospitali kando. Sina ugomvi na maombi wala na mizizi ya bibi. Nasema tu chochote anachokunywa daktari aambiwe, kwa sababu ile dripu inategemea figo, na figo zilizochoshwa na dawa isiyojulikana zinaweza kumnyima dripu.

Na huyo binti wa miaka 11: chanjo ya HPV inatolewa bure nchini tangu mwaka 2018, na tangu Aprili 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Wewe ni mwalimu, angalia kama alichanjwa shuleni. Mama yako naye na dada wakubwa waende wakapimwe kwa siki, ni kipimo cha dakika chache. Nenda nao, ukapimwe na wewe kama umefika umri.

SWALI

Shangazi, sisi tuko Manyoni. Tulimchangia kaka yetu saratani ya koo, ukoo, jirani na waumini wenzake kanisani. Amefariki mwezi uliopita. Kwenye akaunti imebaki 1,340,000. Mjane anasema ni ya watoto, kaka wakubwa wanasema ni ya ukoo irudi kwa waliotoa, na mwingine anataka tuifanyie mirathi. Tunakaribia kugawanyika.

Ndugu wa marehemu, Manyoni

JIBU

Poleni sana. Nimesikia ugomvi huu mara nyingi, na unauma kuliko msiba wenyewe kwa sababu unaanza watu wakiwa hawajalala vya kutosha.

Hiyo pesa haikuwa mali ya marehemu, kwa hiyo msiitie kwenye mirathi. Watu waliitoa kwa kazi moja, kumtibu, na kazi hiyo imekoma. Kwanza futeni madeni yanayotokana na kazi hiyo: deni la hospitali kama lipo, gari lililomleta, mtu aliyewapangisha chumba akavumilia kodi. Baada ya hapo wanachodai waliochanga ni kujua. Andikeni hesabu nzima, iliyoingia na iliyotoka, isomwe siku ya kuanua tanga mbele ya watu na isomwe kanisani pia, maana waumini nao walitoa. Hapohapo mtu asimame aseme: imebaki kiasi hiki, tunapendekeza iwe ada na sare za watoto wa marehemu, anayetaka cha kwake kirudi aseme kwa mtunza hazina faragha, atapewa bila kununiwa.

Mimi nawaambia kutokana na niliyoyaona, watakaodai watakuwa wachache mno. Watu wanakasirika wasipoulizwa. Wakiulizwa wanaachia. Kisha zilizobaki zisikabidhiwe kaka mkubwa "azitunze". Apewe mjane kwa maandishi, na mmoja wenu mnayemwamini ashuhudie. Yule mama ameuguza, amekesha, ameosha mashuka. Anaweza kutunza milioni moja.

SWALI

Nimetumiwa kwenye kundi ujumbe wenye picha ya mtoto mwenye uvimbe mkubwa jichoni, wanaomba chochote kwa namba fulani. Nataka kutoa lakini naogopa kutapeliwa. Nifanyeje?

Msomaji, Kondoa

JIBU

Usitume bado, na usisambaze hiyo picha, kweli au uongo, ni uso wa mtoto. Piga ile namba uongee. Uliza mtoto yuko hospitali gani, wodi gani, nani daktari wake. Mzazi wa kweli atakujibu kwa kirefu kuliko ulivyotaka, amekuwa akingoja mtu wa kumuuliza. Kama anadaiwa hospitali ya serikali, mwombe ile namba ya kumbukumbu ya malipo ambayo wengi tunaiita kontroli namba. Ukiingiza kwenye simu yako utaona malipo ni ya nani, na pesa inakwenda serikalini moja kwa moja bila kupita mkono wa mtu. Kama anachohitaji ni nauli na chakula, zungumza na afisa ustawi wa jamii wa hospitali hiyo, athibitishe kwamba familia ipo.

Tena ukimpata mzazi huyo mwambie jambo hili, pengine hajaambiwa. Muhimbili kuna wodi ya saratani za watoto, na matibabu ya watoto hao yanatolewa bure kwa msaada wa shirika la Tumaini la Maisha. Akiwa na rufaa asikae nyumbani akingoja michango. Saratani ya jicho kwa watoto mara nyingi huanza na weupe unaong'aa ndani ya mboni, mzazi anauona usiku au kwenye picha ya simu, mtoto bado anacheza na haumwi kitu. Ikikamatwa hapo inatibika. Huyo wa kwenye picha uvimbe umeshatoka nje, kwa hiyo anahitaji gari la kesho asubuhi kuelekea Dar. Ukishahakikisha ni wa kweli, nauli hiyo ndiyo ya kumlipia.